Mgonjwa Mmoja, Kadi Moja

Ukikaa Migori mjini ukataja kompyuta za hospitali ile iliyo kwenye barabara ya Kehancha, hutakosa mtu wa kukwambia kwamba ziliharibiwa na Madam. Atakwambia bila haya, huku anachokonoa meno. Ati alizitia mdudu. Ati alikuwa na kiburi, akataka kuwaonyesha wakubwa kwamba bila yeye hakuna kitu. Mimi nilifanya kazi chini ya huyo mama, kwanza Homa Bay na baadaye hapo hospitalini, na kila nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Sisemi alikuwa malaika. Alikosea, na kosa lake nitalisema hapa lote bila kulificha. Lakini kuharibu, hakuharibu. Walioharibu wanajulikana, na kwenye harambee bado wanapewa viti vya mbele.

Jina lake silitaji, na hata hivyo hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Madam, kama wanavyoitwa walimu wa kike wa kwetu, kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu kabla hajaingia kwenye kompyuta. Hata Msimamizi wa hospitali, aliyemchukia kama ukoma, alimwita Madam.

Niwaeleze kazi yake, maana wengi wanaomsema hawaijui. Kompyuta ya hospitali ina kabati la kadi ndani yake, hiyo ndiyo hifadhidata. Kadi haiji yenyewe. Lazima uiulize mashine, na uiulize kwa lugha yake, koma mahali pake na mabano yamefungwa. Miaka hiyo ya tisini makarani wengi tulikuwa tumetoka shule juzi tu. Ukikosea koma moja, mashine inakukemea na foleni ya wagonjwa inakusubiri nje. Madam akaona huu ni upuzi. Akaandika maktaba. Si ya vitabu, ni vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo karani anaviita tu. Wewe unataja jina la mgonjwa na kijiji chake, maktaba inakutungia swali zima na kulipeleka.

Alitufundisha kwa mfano wa hoteli. "Ukiingia hoteli unasema nini? Unasema ugali samaki. Unaenda jikoni kuelezea mpishi namna ya kuwasha jiko? Huendi. Mhudumu anapiga kelele kule nyuma kwa lugha yao ya jikoni, na samaki inakuja. Sasa hii maktaba yangu ni huyo mhudumu." Tulicheka, lakini tulielewa. Nimesoma vitabu kadhaa vya kompyuta tangu siku hizo, na hakuna kilichonieleza vizuri kuliko hivyo.

Sasa vituko vyake. Alifunika kompyuta zote kwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, vile vya kuweka juu ya makochi sebuleni, vyeupe vyenye ua katikati. Kila jioni alivipanga mwenyewe, na kila Ijumaa alivichukua kwenda kuvifua. Chai alitupiga marufuku. Ukionekana na kikombe karibu na mashine ungesemwa hadi ukajuta kuzaliwa. Lakini chupa yake ya uji wa wimbi ilikaa juu kabisa ya kompyuta kubwa, ati pale pana joto na uji haupoi. Siku moja nilimuuliza kwa nini sheria haimhusu. Akasema, "Nyathina, uji wangu unanijua." Nyathina ni mtoto wangu, kwa Kijaluo. Aliniita hivyo hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakugusa mashine hata kama jengo lingeungua. Ila ukimtazama kanisani wakati wa mahubiri marefu ungeona kidole chake kinaandika kwenye paja, midomo ikicheza, na ungejua anatunga programu. Nilimshtaki kwake mwenyewe. Akasema kuwaza si kazi. Mimi nikasema mchungaji angekataa. Akasema mchungaji hajawahi kuona kitu kinachozunguka bila mwisho kwa sababu umesahau kukiambia kisimame, ingawa ukisikiliza mahubiri yake ungedhani amewahi.

Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri alisema "haya" na kuendelea. Ukikosea alikuita mbele ya wenzako na kukusomea kosa lako herufi kwa herufi. Wasichana wawili waliacha kazi Homa Bay kwa sababu yake, na mimi nilikaribia. Lakini mgonjwa yeyote, Madam hakuwahi kumpandishia sauti. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa naye. Alikuwa mkali kwa wenye viatu vya kung'aa na mpole kwa wenye malapa.

Na maneno yake nayakumbuka. "Mashine haina aibu," alisema. "Ukiiuliza upuzi itakujibu upuzi, na itakujibu haraka." Na lile alilolisema Homa Bay, ambalo ndilo lililomletea sifa na baadaye likamletea balaa.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja wa kliniki ya presha alikuwa mwezi huu anajitaja Otieno Okoth, mwezi ujao Okoth Otieno, kadi yake haionekani. Wake za watu nao wengine walitaja jina la mume kwanza, wengine mwisho. Karani mwenzangu akamfokea yule mzee, "Kwani hujui jina lako?" Madam akatoka ofisini kama moto. Alimgombeza karani mbele ya foleni nzima. "Mtu ni mgonjwa, wewe unamfundisha kujitambulisha? Watu hawabadilishwi. Programu ndiyo inabadilishwa." Akarudi ndani, akaongeza kipande kwenye maktaba. Tangu hapo, ukiuliza jina, maktaba yenyewe inauliza kote kuwili, lilivyo na lilivyogeuzwa, ndani ya kijiji kile kile. Mwaka wa kuzaliwa aliuondoa kwenye swali, kwa kuwa wazee wengi waliukisia tu. Foleni ikapungua. Wagonjwa wakafurahi. Ile hospitali ya barabara ya Kehancha ikasikia, ikamwita, naye akanibeba mimi pamoja na vitambaa vyake.

Msimamizi alikuwa mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Wafadhili walikuwa wamemletea kompyuta, naye akawaahidi kitu walichokipenda sana. Akakiandikisha ukutani kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: MGONJWA MMOJA, KADI MOJA. Kadi za zamani za karatasi alizichoma nyuma ya jengo la kufulia, sisi tukitazama. Kuanzia hapo, hupati dawa bila hati iliyochapishwa na kompyuta. Na kompyuta haichapi hati kwa mtu ambaye kadi yake inasema amefariki.

Hapa niwaeleze jambo ambalo kila mtu wa upande ule analijua, hata sisi Wajaluo wa Migori tunaopakana nao. Wakuria, watu wa Kehancha, wengi wao humpa mtoto jina la babu yake. Baba akiitwa Mwita Chacha, mwanawe ataitwa Chacha Mwita, na mjukuu atarudi kuwa Mwita Chacha. Wote wanakaa boma moja, kijiji kimoja. Tulilijua hilo. Tuliwaandikisha watu hao kila siku. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kule ndani maktaba inageuza majina, kwa sababu ukizoea mhudumu mzuri husikilizi tena anachosema jikoni.

Chacha alikuwa kijana aliyekwisha kuoa, mwenye kifafa. Kwa vidonge vyake alikuwa mzima kabisa, hujui kama ana kitu. Kazi yake ilikuwa kukausha tumbaku. Alikaa na tanuri, akilisha kuni mdomoni mwake mchana kutwa, moto usizidi wala usipungue. Mtu wa kifafa, mbele ya moto. Vidonge vile vilikuwa ndivyo vinavyomtenga na ule moto, basi, hakukuwa na kingine.

Baba yake, Mwita, ambaye hakuwa amefunguliwa kadi kwenye mashine, aliugua kifua, akalazwa, akafa wodini. Karani wa wodi alimtafuta Mwita Chacha kwenye mashine. Maktaba ikaleta kadi ya Chacha Mwita, kijiji kile kile, kama ilivyofundishwa Homa Bay. Karani hakuona ajabu. Akaandika hapo: amefariki.

Chacha alipokuja kliniki na mama yake, nikapiga jina, mashine ikakataa hati. Tulicheka kidogo, tukadhani ni jambo la kurekebishwa kabla ya saa sita. Nilikwenda kwa Madam. Sasa hili ndilo kosa lake, na mpaka leo linaniudhi. Hakuinua macho. Alisema, "Maktaba yangu haikosei. Angalia vile umeandika jina." Nikaangalia, nikarudi. "Angalia tena." Nikapandwa na hasira, nikamwambia mtu yuko dirishani anapumua. Akasema basi kuna mtu mwingine amemwandika vibaya, mwende kwa Msimamizi. Mwanamke aliyemtetea mzee wa Homa Bay mbele ya foleni nzima, siku hiyo alitetea programu. Msimamizi naye akawaambia warudi wiki ijayo. Wiki ijayo akawaambia hivyo hivyo.

Waliporudi mara nyingine, Chacha mkono wake ulikuwa umefungwa hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameanguka mbele ya tanuri. Mama yake, mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kioo cha dirisha kwa kiganja.

"Mwita ni bwana yangu, tulizika! Huyu ni Chacha, ni mtoto yangu! Nyinyi mnaona nini huko ndani?"

Madam alikuwa mlangoni na chupa yake ya uji. Nilimwona anasikia. Midomo yake ikataja majina yale mawili polepole, moja mbele, halafu jingine mbele. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati yao. "Yawa," alisema, kama tunavyolia Wajaluo tukishtuka. Halafu, "Nimepeleka oda ya Homa Bay jikoni kwa watu wengine." Akamwomba msamaha yule mama pale pale, hadharani, kwa Kiswahili, akarudia ili wote wasikie.

Alikwenda moja kwa moja kwa Msimamizi, na mimi nyuma yake. Alitaka dirisha la kompyuta lifungwe, itangazwe kanisani na sokoni, kila familia ije tuitenganishe kadi kwa kadi, kwa maana haiwezekani ikawa ni Chacha peke yake. Msimamizi alisikiliza akigonga meza kwa kalamu.

"Madam, wafadhili wanafika hii wiki. Nitawaambia nini? Kompyuta yao imeua watu?"

"Haijaua. Imewaandika wamekufa. Tukinyamaza, hiyo ya kuua tutamaliza sisi wenyewe."

"Sasa huyo kijana si achukue jina lingine? Aitwe Peter. Umfungulie kadi ya Peter, maneno iishe."

Nilidhani Madam angepiga mtu. Mama Chacha alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyejibu. "Chacha ni baba ya bwana yangu. Hiyo jina si shati ati atoe." Msimamizi akamwambia mlinzi amwonyeshe mama njia. Alisema hivyo, nilimsikia kwa masikio yangu, huyo anayepewa kiti cha mbele.

Madam hakungoja ruhusa. Aliiondoa ile sehemu inayogeuza majina, akarudisha mwaka wa kuzaliwa, akamfungulia Chacha kadi yake, akakaa na familia moja baada ya nyingine akiwatenganisha baba na wana. Kadi zikaongezeka, bila shaka. Na wageni walipokuja wakaona kadi nyingi kuliko zilivyoahidiwa ukutani. Msimamizi akaona aibu. Akaleta fundi kutoka Nairobi, kijana wa miwani meusi, ambaye aliangalia majina ya Mwita Chacha na Chacha Mwita akasema hapa kuna watu wameandikwa mara mbili. Akairudisha maktaba ya zamani kutoka kwenye disketi, akaiamuru iunganishe kadi zote zilizofanana. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Chacha akafa mara ya pili.

Madam akafukuzwa. Barua ilisema amechezea mali ya hospitali. Hapo ndipo ule uzushi wa mdudu ulipozaliwa, na watu wakaula kama karanga. Alitoka na vitambaa vyake chini ya kwapa. Mimi niliacha kazi wiki hiyo hiyo, nikafungua kibanda cha kupiga chapa Migori mjini, na sijutii.

Ndiyo sababu nauliza, nani aliharibu? Aliyekosea kwa kuwapenda watu wa Homa Bay akasahau kwamba wa Kehancha ni wengine, kisha akakiri mbele ya benchi zima? Au aliyejua kabisa, akachagua ukuta wake? Maktaba ilikuwa ya Madam, sawa. Lakini kosa lililorudishwa kwa makusudi si lake tena. Nimelisema hili kwa vinyozi, kwenye matanga, kwenye foleni ya benki, na nitaendelea kulisema hadi wanichoke.

Mara ya mwisho kumwona Madam ninayotaka kuisimulia ilikuwa miaka hiyo ya tisini ikikaribia kwisha. Nilikuwa nimepeleka kadi za harusi kwa mteja Kehancha, na wakati wa kurudi nikapita hospitalini kumsalimia muuguzi niliyemfahamu. Ilikuwa siku ya kliniki ya kifafa. Kwenye foleni ya dirisha, katikati ya wagonjwa, nilimwona Madam. Mvi zilikuwa zimeingia. Alivaa sweta la buluu na alikuwa ameketi na Chacha na mama yake, wakila njugu kwenye karatasi.

"Madam! Unaumwa?"

"Mimi? Mimi niko mzima, nyathina. Kaa."

Nikakaa. Kumbe alikuwa akija kila mwezi kutoka Homa Bay, tangu walipomfukuza. Aliniambia kama mtu anayesema anakwenda posho mill kusaga unga. Karani akibadilishwa, yule mpya hajui, mashine inamkatalia Chacha, na Chacha ni mtu wa aibu, anarudi nyumbani kimya. Kwa hivyo anakuja kusimama naye. Muuguzi wa kliniki akimwona huandika hati kwa mkono, kimyakimya, dhidi ya amri.

Nilikasirika upya. Nilimwambia hii ni kazi ya hospitali, si yake, aandike gazetini, aende kwa mkuu wa wilaya. Alisema ameandika, na amekwenda. Nikasema basi awaache waaibike wenyewe. Akanigeukia, na ule ukali wa zamani ukawa pale pale.

"Wakiaibika ndio huyu hataanguka kwa moto?"

Zamu yao ikafika. Dirishani alikuwa karani mgeni, msichana mwenye kucha za rangi. Chacha akataja jina lake na kijiji chake kwa sauti ndogo. Msichana akapiga, akatazama skrini, akamtazama Chacha, akatazama skrini tena.

"Samahani, Madam. Huyu mtu hapa inaonyesha ni marehemu."

"Naona," Madam akasema. "Basi mpe marehemu dawa yake. Anarudi kazini."

Msichana hakucheka, na hapo nilimpenda. Chacha akamwamkia, "Habari ya kazi, dada," kwa adabu zote, akauweka mkono wake wenye makovu juu ya kizingiti cha dirisha. Msichana aliutazama ule mkono. Kisha akainuka kwenye kiti, akaiacha mashine, akaenda kumwita muuguzi.